Binti yangu anataka kusoma Kifaransa na Kireno Oxford au Cambridge: tujiandae vipi?

Mzazi wa Mombasa anauliza:

Assalaam aleikum, na salamu kwenu nyote. Binti yangu yuko mwaka wa kwanza wa A-level katika shule inayofuata mtaala wa Uingereza hapa Mombasa, na masomo yake ni Kifaransa, Historia na Fasihi ya Kiingereza. Amedhamiria kuomba nafasi ya kusoma lugha za kisasa Oxford au Cambridge, nami nimebaki na maswali ambayo shuleni kwake hawajaweza kuyajibu kwa ukamilifu, kwa kuwa wanafunzi wao wengi wanaokwenda Uingereza husomea uhandisi, biashara au sheria.

Nyumbani tunazungumza Kiswahili. Kiingereza amekulia nacho shuleni, Kifaransa amekisoma kwa miaka mingi na anakipenda, na maandishi ya Kiarabu anayasoma vizuri kwa sababu alihitimu madrasa. Je, walimu wanaochagua wanafunzi huhesabu lugha nne kuwa sifa yenye uzito? Halafu kuna mvutano hapa nyumbani: yeye anataka kuunganisha Kifaransa na Kireno, ambacho hajawahi kufundishwa, ilhali baba yake anaona Kiarabu kingemfaa zaidi kwa kuwa ana msingi nacho. Ningependa pia kufahamu usaili unakwendaje, na familia ya kipato cha kawaida hubeba vipi gharama hizo. Mjomba wake ameshatoa hukumu yake kwamba lugha hujifunzwa sokoni na bandarini, na kwamba kulipa karo ya miaka minne kwa ajili ya lugha ni kutupa fedha baharini. Natamani kumjibu kwa hoja na si kwa ukali.

Mhitimu wa Dar es Salaam anajibu:

Wa aleikum salaam, dada. Nilisoma Kifaransa na Kireno Oxford, na Kireno nilikianza nikiwa sijui hata salamu, kwa hiyo njia anayoitaka binti yako naifahamu. Naomba nianze na mjomba, kwa sababu maneno yake yana ukweli ndani yake. Ikiwa lengo ni kuzungumza Kireno, miezi michache Maputo au Lisbon ingetosha na ingegharimu kidogo zaidi. Lakini shahada hii si kozi ya kuzungumza. Kuzungumza kunafundishwa, pamoja na sarufi na tafsiri ya kwenda na kurudi kati ya lugha, na kiwango kinachodaiwa ni cha juu sana; hata hivyo sehemu kubwa ya muda wa mwanafunzi huishia katika kusoma fasihi, falsafa, historia ya fikra, filamu au isimu ya lugha hizo, kuandika insha, kisha kuketi na mwalimu na mwanafunzi mwenzake mmoja au wawili na kuitetea insha ile sentensi kwa sentensi. Kozi ya Cambridge inaitwa rasmi ya lugha za kisasa na za Enzi za Kati, na jina hilo halikuwekwa kwa mapambo: anayetaka anaweza kusoma maandishi ya Kifaransa ya karne ya 12 pamoja na riwaya za leo kutoka Afrika Magharibi.

Kutokana na hilo, jibu la swali lako la kwanza ni kwamba lugha nne kwa idadi yake hazina uzito mkubwa. Wanaosaili huwapokea kila mwaka waombaji waliozaliwa na baba Mjerumani na mama Mhispania, na hawawapi nafasi kwa ajili ya bahati ya kuzaliwa. Wanachokitafuta ni msomaji, yaani mtu ambaye akipewa ukurasa mmoja asioujua ataona namna ulivyojengwa, atasema anachokiona, na atakubali kubadili maoni yake akionyeshwa kitu ambacho hakukitazama. Binti anayesoma Fasihi ya Kiingereza na Historia pamoja na Kifaransa ana mchanganyiko mzuri sana kwa kazi hiyo, na nisingemshauri abadilishe somo lolote.

Vyuo hivi viwili vinatofautiana katika mambo yanayomhusu moja kwa moja, na kwa kuwa sheria hairuhusu kuomba vyote viwili katika mwaka mmoja, ni lazima achague. Cambridge inamtaka mwanafunzi wa kozi hii asome lugha mbili. Oxford inaruhusu baadhi ya lugha, Kifaransa kikiwamo, zisomwe peke yake, na pia ina kozi nyingi za kuunganisha lugha na somo jingine kama vile falsafa, historia, isimu au fasihi ya Kiingereza. Kote kuwili Kifaransa kinahitaji A-level na Kireno kinaweza kuanzwa upya, hivyo mchanganyiko anaoutaka upo pande zote. Kote kuwili kozi ni ya miaka minne, mmoja wao ukiwa wa kuishi nje ya Uingereza katika nchi inayotumia lugha anayoisoma. Masharti ya kawaida ni alama A tatu kwa Oxford, na A* moja pamoja na A mbili kwa Cambridge. Zaidi ya hapo, asome orodha ya mada na vitabu vya mwaka wa kwanza vya kila upande na ajiulize ni ipi inayomfanya atake kufungua vitabu usiku huohuo. Sifa za majengo na mito ya kuendeshea mashua aziache kwa watalii.

Kuna jambo moja la kutia moyo ambalo watu hawalisemi sana. Ushindani wa nafasi za lugha ni mkali, lakini si mkali kama wa uchumi, udaktari au kompyuta. Tangu mwaka 2004 wanafunzi wa shule za England hawalazimiki tena kusoma lugha ya kigeni baada ya kufika umri wa miaka 14, na idadi ya wanaofanya A-level ya Kifaransa na Kijerumani imeshuka sana ikilinganishwa na miaka ya 1990. Idara za lugha zinawahitaji wanafunzi wanaolipenda somo hili kwa dhati, na huwatambua upesi.

Mswahili wa Bujumbura anajibu:

Nakubaliana na mhitimu kuhusu msomaji, ila sikubaliani naye anapoipitia haraka hali ya kuwa Mswahili kana kwamba ni bahati ya kuzaliwa tu. Mimi nimekulia Bujumbura, ambako Kirundi, Kiswahili na Kifaransa vinapishana katika barabara moja, na nimewafundisha Kifaransa vijana wa lugha mbalimbali. Kijana aliyelelewa katika Kiswahili, hasa wa Pwani, anayo hazina ambayo kijana wa London hana, isipokuwa mara nyingi hajui kwamba ni hazina na hivyo haitaji popote.

Nitatoa mfano mmoja. Mbele ya shairi la Kifaransa la zamani, wanafunzi wengi wa kigeni huhangaika kuelewa kwa nini silabi zihesabiwe, kwa nini mshororo wa silabi 12 upumue katikati baada ya sita, na kwa nini mshairi akiivunja pumzi hiyo msomaji hushtuka. Binti wa Mombasa aliyesikia mashairi yakighaniwa harusini anajua tayari mshororo wa mizani 16 uliogawanyika ukwapi na utao, nane kwa nane, na sikio lake hugundua mshairi anapochechemea kabla hata hajahesabu kwa vidole. Akiweza kusema katika usaili kwamba katika utenzi vina vya mishororo mitatu hufuatana na cha nne hubaki kikiufunga ubeti na beti zinazofuata, kisha akauliza mpangilio wa vina katika shairi aliloletewa unafanya kazi gani, huyo atakuwa ameleta ujuzi halisi mezani. Lugha nne zikiorodheshwa kwenye fomu ni majina tu. Lugha moja iliyotazamwa kwa makini na kulinganishwa na nyingine ni fikra.

Nionye pia kuhusu ufasaha. Kwetu wapo vijana wanaozungumza Kifaransa kama maji yanavyotiririka, wanaoamini kwamba kwa hilo pekee milango itafunguka. Msaili akisikia mwombaji anazungumza kwa ufasaha wa nyumbani, humwongezea ugumu wa maswali badala ya kumwongezea alama, na ni haki yake kufanya hivyo. Binti wa shuleni anayefanya makosa machache ya viambishi lakini anafikiri kwa Kifaransa huku akizungumza hana sababu ya kuwaogopa watu wa Bujumbura au Kinshasa.

Na kwa kuwa mama ametaja kipato, niseme waziwazi kwamba Uingereza si mlango pekee. Ufaransa iliweka mwaka 2019 karo ya euro 2,770 kwa mwaka wa shahada ya kwanza kwa wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya. Imepanda kidogo tangu hapo, na vyuo vikuu kadhaa vya umma vimekuwa vikiwasamehe wanafunzi tofauti hiyo. Huko kozi ya lugha, fasihi na ustaarabu wa kigeni hutenganishwa na kozi ya lugha za matumizi, ambayo huunganisha lugha mbili na sheria, uchumi na biashara, na hii ya pili ingeweza hata kumridhisha mjomba. Vyuo vingi hutaka Kifaransa cha kiwango cha B2, yaani cha nne kati ya sita, na mtihani wa DELF unaokithibitisha unaweza kuandaliwa kupitia Alliance Française, ambayo Mombasa ipo. Kuomba Ufaransa hakumzuii kuomba Uingereza.

Mzazi wa Mombasa anaongeza:

Nawashukuru sana. Nimemsomea binti yangu majibu haya naye amefurahi kuliko mimi, hasa hayo ya mizani, kwa sababu bibi yake bado anazo tenzi alizohifadhi kwa moyo na hakuwahi kufikiri kwamba zingekuwa na uhusiano wowote na maombi ya chuo. Bado suala la Kiarabu halijajibiwa na baba yake analisubiri. Na kuhusu Kireno, je, ataonyeshaje nia katika lugha ambayo hapa kwetu hakuna wa kumfundisha?

Mswahili wa Muscat anajibu:

Dada, niruhusu niseme kuhusu Kiarabu, kwani familia yetu ilitoka Unguja na mimi nimesoma Kiarabu kwanza chuoni kwa mwalimu wa Kurani kule kwetu na baadaye darasani hapa Oman, na ninajua masafa yaliyopo kati ya viwili hivyo. Aliyehitimu madrasa anasoma herufi bila kigugumizi, anatamka ‘ain na ḥa’ vizuri kuliko Mzungu aliyesoma miaka mitatu, na ana msamiati mpana wa dini. Hicho ni kianzio chema. Lakini kusoma msahafu kwa tajwidi hakumpi mtu uwezo wa kusoma gazeti la Beirut lisilo na irabu, wala kuelewa mazungumzo ya watu wa Cairo, na chuo kitamfundisha sarufi tangu mwanzo pamoja na wasiojua alifu. Mwezi wa kwanza atakuwa mbele yao. Kufikia mwisho wa mwaka watakuwa wamemfikia ikiwa atategemea alichokuja nacho.

Mchanganyiko wenyewe upo. Oxford ina kozi ya lugha za Ulaya na Mashariki ya Kati ambamo Kifaransa huunganishwa na Kiarabu, Kiajemi, Kituruki au Kiebrania, na mwaka wa nje huwa wa pili, unaotumika katika eneo la Mashariki ya Kati, ili mwanafunzi akirejea awe na lugha ya kusomea. Cambridge nayo huruhusu lugha ya Ulaya iunganishwe na Kiarabu. Ni kozi nzito, kwa sababu Kiarabu kinakula saa nyingi kuliko Kireno, ambacho mtu mwenye Kifaransa hukiona kama jamaa wa karibu.

Hata hivyo nisingechagua kwa kuangalia kipi ni rahisi. Wasaili watamuuliza kwa nini Kiarabu, na jibu kwamba alisoma madrasa litaishia hapo kama hana la kuendeleza. Je, amewahi kujiuliza kwa nini tenzi za Pwani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa, na waandishi walifanya nini na sauti za Kiswahili ambazo Kiarabu hakina? Ikiwa maswali ya namna hiyo yanamkosesha usingizi, basi baba yake ana hoja. Ikiwa kinachomvuta ni Kireno, baba ampe baraka.

Mhitimu wa Dar es Salaam anajibu tena:

Kwanza nikiri kwamba ndugu yetu wa Bujumbura amesema vizuri zaidi yangu kuhusu ushairi, nami sina la kumpinga.

Kuhusu Kireno, chuo hakimtarajii aje na lugha ambayo kozi yenyewe inaianza mwanzo. Kinachotazamwa kwa mwombaji wa namna hii ni uwezo wa kujifunza lugha mpya kwa kasi, na sababu zilizo za kweli. Kwa miaka mingi Oxford iliwapa waombaji wa lugha za kuanza upya mtihani wenye lugha ya kubuni: unaonyeshwa sentensi chache pamoja na tafsiri zake, unagundua kanuni mwenyewe, kisha unatafsiri sentensi nyingine. Kijana aliyekulia na ngeli za nomino, ambaye kwake ni jambo la kawaida kwamba jina likibadilika kivumishi na kitenzi navyo hubadilika, anaifurahia kazi hiyo. Mitihani ya kuingilia imekuwa ikifanyiwa mabadiliko, kwa hiyo ukurasa rasmi wa kozi kwa mwaka atakaoomba ndio wa kufuatwa, na mazoezi ya zamani yabaki kuwa mazoezi tu.

Kuhusu sababu, binti yako anaishi mwendo mfupi kutoka Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo waliipoteza kwa Waomani mwaka 1698. Hatari iliyopo ni kwamba atafungua maelezo yake kwa ngome hiyo, atataja tarehe hizo, na atadhani amemaliza. Kila mwombaji ana jengo la zamani karibu na kwao. Hatua inayofuata ndiyo yenye thamani, na kwa bahati njema anayo karibu kuliko mwombaji yeyote wa Ulaya. Utenzi mkuu wa Kireno, Os Lusíadas wa Luís de Camões uliochapwa mwaka 1572, unaeleza safari ya Vasco da Gama iliyofika Pwani yetu mwaka 1498, na ndani yake Mombasa ni mji wa hila unaotaka kuwaangamiza wageni, ilhali Malindi ni mji wa ukarimu. Mtawala wa Malindi anamwomba Gama amsimulie habari za nchi yake, na simulizi hilo linashika sehemu ya tatu, ya nne na ya tano ya utenzi wote. Yaani historia ya Ureno, katika kitabu ambacho Wareno wanakihesabu kuwa kioo chao, inasimuliwa kwa msikilizaji wa Pwani yetu. Kwa nini mshairi alihitaji sikio hilo? Mtawala yule anapewa nafasi ya kusema nini, na ananyimwa nini? Mombasa ingesemaje kama ingepewa ubeti mmoja wa kujibu? Binti akisoma sehemu hizo katika tafsiri ya Kiingereza, pole pole, akiwa na kalamu mkononi, atakuwa na maswali yake mwenyewe ambayo hakuna aliyemtungia, na hayo ndiyo yatakayombeba.

Kisha asibaki katika karne ya 16. Msumbiji ni jirani yetu, na ina fasihi hai ambayo waandishi wake wanabishana na Kireno huku wakikitumia. Asome angalau riwaya moja iliyotafsiriwa na awe na maoni juu yake. Kwa masikio, RFI na DW zote zina idhaa za Kiswahili na pia matangazo ya Kireno kwa ajili ya Afrika, na habari moja ya siku moja ikisikilizwa katika lugha zote mbili humfundisha mtu mengi kuliko programu ya simu inayomtaka arudie kwamba paka anakunywa maziwa.

Usaili wenyewe hufanyika mwezi Desemba, na kwa waombaji wa mbali huwa kwa njia ya mtandao. Kwa kawaida mwombaji hupewa shairi au kifungu kifupi muda mfupi kabla, kisha huulizwa kuhusu kile alichosoma. Huzungumza dakika chache kwa Kifaransa. Na huulizwa juu ya vitabu alivyovitaja mwenyewe katika maombi. Asitaje kitabu ambacho hajakimaliza. Kimya cha kufikiri hakina adhabu, na kusema “naomba nirudi kwenye mstari wa tatu, nadhani niliusoma vibaya” huwafurahisha wasaili kuliko hotuba iliyokaririwa. Vijana wetu wamelelewa kutombishia mkubwa, na katika saa hiyo heshima hiyo huweza kuonekana kama kukosa mawazo. Mweleze mapema kwamba profesa anapompinga anamkaribisha abishane, na kwamba kubishana kwa adabu hapo si utovu wa nidhamu.

Kuhusu fedha sitapamba. Mwanafunzi wa kutoka Kenya hulipa karo ya wageni, ambayo katika vyuo vyote viwili inazidi pauni 30,000 kwa mwaka kabla ya chakula na malazi, ingawa katika mwaka wa nje karo hupunguzwa. Ufadhili wa shahada ya kwanza ni mchache. Ule wa Rhodes, ambao kila mtu hukutajia, ni wa masomo ya baada ya shahada na haumhusu kwa sasa. Unaomhusu ni wa Reach Oxford, uliowekwa kwa wanafunzi wa nchi zinazopokea misaada ya maendeleo ambao kwa sababu za kifedha au za kisiasa, au kwa kukosa kozi inayofaa kwao, hawawezi kusomea nchini mwao. Hulipa karo, fedha za kujikimu na tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi mara moja kwa mwaka. Huombwa kando na maombi ya chuo, na wanaoupata ni wachache mno. Cambridge ina mfuko wake wa kusaidia wanafunzi wa nje, ila mara nyingi msaada kwa shahada ya kwanza ni wa sehemu tu. Kwa sababu hiyo naunga mkono shauri la kuomba na Ufaransa, si kama kimbilio la walioshindwa bali kama njia kamili.

Mwalimu wa Kifaransa, Nairobi, anajibu:

Wenzangu wameshughulikia fikra, nami nishughulikie karatasi, kwa kuwa nimeona waombaji wazuri wakikwama kwa tarehe.

Maombi yote hupitia UCAS, yaani mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vikuu vya Uingereza, na kwa Oxford na Cambridge mwisho ni tarehe 15 Oktoba ya mwaka unaotangulia kuanza masomo, saa kumi na mbili jioni kwa saa za Uingereza, ambayo kwetu ni saa mbili usiku. Vyuo vingine vingi husubiri mpaka Januari, na shule isiyozoea jambo hili hudhani tarehe ni moja. Ndani ya maombi hayo lazima iwemo barua ya mwalimu pamoja na alama anazotarajiwa kupata, kwa hiyo mama, mwone mwalimu wake wa Kifaransa kabla ya likizo ya Agosti na umwombe kwa upole aandike kuhusu namna binti anavyosoma na kujadili. Barua nyingi za shule zetu husema mwanafunzi ana nidhamu, ni kiongozi wa viranja na anashiriki michezo. Yote ni kweli na hayamsaidii chochote hapa. Anayeomba Cambridge hujaza pia fomu ya chuo chenyewe siku chache baada ya hiyo ya kwanza.

Maelezo binafsi si insha moja tena. Kuanzia kwa wanaoingia mwaka 2026 yamegawanywa katika maswali matatu, yaani kwa nini unataka somo hili, masomo yako yamekuandaaje, na umefanya nini kingine nje ya darasa kujiandaa, na jumla yake haizidi herufi 4,000 pamoja na nafasi. Kwa kozi hii ningemwambia atumie sehemu kubwa katika swali la kwanza na la pili, aseme juu ya vitabu viwili au vitatu kwa undani, na tenzi za bibi aziweke katika la tatu kwa mistari michache yenye hoja. Asiandike kwamba lugha hujenga madaraja kati ya mataifa, kwani wasomaji wa fomu hizo wamevuka madaraja hayo mpaka wamechoka.

Oxford imekuwa ikidai pia kazi za maandishi, ikiwamo ya lugha ile ambayo mwombaji tayari anaisoma, na inataka ziwe kazi za kawaida za darasani zilizosahihishwa na mwalimu. Aanze sasa kuhifadhi insha zake za Kifaransa zikiwa na wino mwekundu, na asizinakili upya kwa usafi. Shule yake iulizwe pia mapema kama mwombaji wa Kenya atahitajika kuonyesha cheti cha Kiingereza, ambacho kwa vyuo hivi huwa ni IELTS ya 7.5, kwa kuwa mitihani hiyo ina foleni yake.

Jambo la mwisho linahusu mwaka wa nje. Wenzake wenye pasipoti za Ulaya watajipangia Lisbon au Paris bila shida kubwa, lakini mwenye pasipoti ya Kenya atahitaji viza kwa kila upande, na kwa lugha mbili huenda akahitaji nchi mbili katika mwaka mmoja. Akipata nafasi, aulize idara yake mapema namna wanafunzi wa pasipoti kama yake walivyopangiwa, na aweke Brazil na Msumbiji kwenye orodha yake tangu mwanzo.